Utingo wa Ndege

Mara ya mwisho nilipoua abiria, niliwaua kwa adabu.

Hawakuwa abiria wa kweli, alhamdulillahi. Tulikuwa Nairobi, ndani ya simuleta, kile chumba kilichojengwa mfano wa chumba cha marubani na kusimamishwa juu ya miguu ya chuma, kikawa kinayumba na kuinama mpaka tumbo lako linaamini kwamba unaruka. Kapteni niliyepangiwa alikuwa mzee mwenye mvi za heshima, naye alikuwa ameagizwa akosee makusudi. Kazi yangu mimi, rubani msaidizi, ilikuwa kumwambia kwamba amekosea. Mtihani wenyewe ndio huo. Haukutaka hesabu wala ramani, ulitaka nifungue mdomo.

Akaielekeza ndege kwenye mlima. Niliuona mlima dirishani, nikauona tena kwenye saa ya kimo, nikasafisha koo.

"Samahani, Kapteni."

"Swabra?"

"Abee," nikaitika, nikanyamaza.

Watu wa kwetu watanielewa. Mkubwa akikuita jina, mtoto wa kike huitika abee, kisha hungoja aambiwe anachotakiwa. Nami nikangoja. Kapteni naye alikuwa akiningoja mimi, maana ni mimi niliyeanza. Tukangojana hivyo kwa heshima kubwa mpaka mlima ukafika.

Vioo vyote vikawa vyekundu. Bwana Mutua, mkaguzi wa marubani wa shirika letu, akawasha taa akaja kuinama kati ya viti vyetu.

"Uliuona mlima?"

"Niliuona, bwana."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimeshaitika."

Bwana Mutua ni mtu wa Machakos, mkavu, hacheki bila sababu na sababu hazipati mara nyingi. "Umeitika," akarudia. "Ndege nzima imekufa, na wewe umeitika."

Alinieleza baadaye, kwa upole ulioniuma kuliko kelele, kwamba mikono yangu haina taabu. Natua vizuri, nafuata taratibu, sijawahi kuchelewa. Lakini ndege imewekwa watu wawili mbele ili mmoja akipotea mwenziwe amrudishe, na mwenzi asiyesema ni sawa na mfuko wa mchele uliofungwa mkanda. Angenirudisha kwenye safari zangu za kawaida Mombasa, kisha angekuja mwenyewe kukaa nyuma yetu. Sauti yangu ikihitajika asiisikie, angenitoa kwenye kiti cha kulia na kunipeleka kaunta ya kupokea mizigo.

"Kule wanataka sana watu wenye adabu," akasema.

Nilirudi nyumbani Magogoni. Nisiseme uongo, kulia nililia, lakini chooni, maji yakiwa yamefunguliwa, ili nisimsumbue mtu. Kazi hii niliitaka tangu nikiwa mdogo, wakati watoto wenzangu wakitaka kuwa madaktari na wengine wakitaka kuolewa na madaktari. Kila ndege iliyopita juu ya paa letu niliitolea hesabu moyoni, wapi inakwenda na nani amekaa mbele. Sasa nilikuwa nimekaa mbele mimi, na nilikuwa karibu kuondolewa kwa kosa la kulelewa vizuri.

Aliyenilea ni Nana, mamake mama. Nana alikuwa mwalimu wa chuo tangu ujana wake Likoni, kabla hajaolewa akaletwa upande huu wa Kisauni, na ameendelea kusomesha Kurani watoto wa Magogoni mpaka magoti yalipokataa kukunjika. Mimi ni kazi ya mikono yake. Nyumbani kwetu hata paka hapiti mbele ya mtu mzima anayekula. Kwa hiyo nilipomweleza kwamba nimefeli kwa sababu ya adabu, alinitazama kama fundi aliyeambiwa ukuta wake umesimama wima kupita kiasi.

"Yaani wataka uwe mtovu wa adabu?" akaniuliza.

"Wataka niseme, Nana. Kapteni akikosea nimwambie."

"Basi mwambie."

"Ni mtu mzima."

Hapo akaingilia Nyamvula, jirani yetu, aliyekuwa ameketi barazani kwetu akichambua mbaazi za kuuza asubuhi. Nyamvula hana haja ya kualikwa kwenye mazungumzo. Mumewe, Charo, alifanya kazi ya utingo miaka mingi kwenye malori ya makontena pale Kipevu, na tangu siku nilipovaa sare Nyamvula ameamua kwamba kazi yangu na ya Charo ni moja.

"Utingo wa ndege," akasema, "hebu nieleze. Mlima una umri gani?"

"Sijui, Bi Nyamvula."

"Ni mzee kuliko kapteni?"

"Ni mzee."

"Basi mwenye haki ya kuheshimiwa ni mlima."

Nana akacheka kimya kimya, mabega yakitikisika. Nyamvula akaweka ungo chini. Alisema kwamba kazi ya utingo si kubeba jeki peke yake. Dereva anarudisha lori nyuma, haoni, yuko karibu kumbomolea mtu kibanda. Utingo hamwambii samahani mheshimiwa. Utingo hupiga bodi ya lori kwa kiganja. Akipiga, dereva hukanyaga breki kwanza, matusi baadaye.

"Charo wangu," akasema, "haogopi mtu duniani isipokuwa mimi, na sababu ni kupiga bodi."

Basi wakaanza kunifundisha. Jioni baada ya magharibi, watoto wa chuo wakishaondoka, Nyamvula alikuwa akivuta kiti cha plastiki katikati ya sebule akashika kifuniko cha sufuria kuwa usukani. Mimi niliketi kulia kwake. Nana alikaa nyuma yetu kwenye kigoda, na tasbihi mkononi.

"Mie ni abiria," akasema Nana. "Nimefunga mkanda."

"Haya, naenda zangu," akasema Nyamvula, akazungusha kifuniko. "Nimepita daraja la Nyali. Nashuka. Naona mahoteli. Nashuka tena. Ninaelekea kwenye bwawa la kuogelea la wazungu, na wamo."

"Bi Nyamvula, nilikuwa naomba, kama hutojali..."

"Tushalowa," akasema Nana.

Tulikufa hivyo jioni nyingi. Tuliingia baharini, tukaingia sokoni Kongowea, na siku moja Nyamvula alitua juu ya msikiti Nana akakataa, akasema hata kwa mfano haifai, kwa hiyo tukarudi hewani tukafia mahali pengine. Sauti yangu ilikuwa inakuja, lakini ilikuja kama mgeni anayebisha hodi huku ameshageuka kuondoka.

Jioni moja Nana akaacha kuhesabu tasbihi. "Kwani huyo kapteni urukaye naye siku hizi ni nani, akutiaye hofu hivi?"

"Kapteni Habib, Nana. Habib Stambuli. Amerudi mwaka huu kutoka Uarabuni, alikuwa akirusha ndege kubwa huko. Ni mtu wa Likoni."

"Stambuli fundi cherehani? Mwanawe? Ana kovu hapa?" Akagusa kidevu.

"Analo."

Nana alicheka mpaka mtandio ukamwanguka mabegani. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu arusi ya mama mdogo.

"Huyo nimemsomesha mie," akasema. "Alikuwa na sauti nzuri na uvivu mzuri. Juzuu mapajani, macho yamefungwa, anakoroma. Nikimwita, 'We Habib!', huitika labeka kabla hajaamka. Mwaka mmoja aliiba tende za kufuturu, akazitia ndani ya kofia akaivaa. Jua likazipata. Mtoto anasoma, tende zinamteremka usoni, na nzi wamejaa, na yeye hasiti. Akasoma mpaka mwisho wa sura."

Nyamvula akabwaga kifuniko akashika mbavu.

"Sasa wewe wamwogopa huyo?" Nana akaniuliza.

"Namwogopa, Nana."

"Mwogope, ni mkubwa wako. Lakini ujue ni Habib." Kisha akainua kidole. "Na hilo la tende usilitaje kazini. Siri ya mwanafunzi ni amana."

Sikulitaja. Lakini kesho yake nilipomwona Kapteni Habib akivuka uwanja kuijia ndege, amevaa miwani nyeusi na mistari minne ya dhahabu begani, nililazimika kuinama nikakagua gurudumu ambalo nilikuwa nimeshalikagua.

Hapa niseme kidogo juu ya kazi, maana watu huidhania sivyo. Mtaani kwetu nusu waamini kwamba nagawa chai na nusu waamini kwamba nakwenda Ulaya kila siku. Kweli ni kwamba nakwenda Lamu na Malindi na Nairobi, na mara mojamoja Unguja, kwa ndege ya mapangaboi inayotetemesha meno. Asubuhi naizunguka ndege nikiikagua kama mtu anayenunua ng'ombe: matairi, mapanga, mafuta, mikwaruzo. Napiga hesabu ya uzito. Abiria wa Lamu hupanda na halua na mitungi ya achari na kusema hawana mzigo. Arusi zote za Magogoni nimeombwa nipite juu nikapige honi, na nikieleza kwamba ndege haina honi wananitazama kwa huruma. "Kitu kizima kile," aliniambia mmoja, "na hakina honi?"

Marubani wengine wakikutana hupeana mkono tu. Kwa Kapteni Habib nilianza na shikamoo, akanijibu marahaba ndefu, akaniuliza ya nyumbani, ya mtaa na ya mvua, na yote hayo kabla ya kuwasha injini ya kwanza. Ni mtu mwema. Hujipaka miski, na miski yake hutangulia ndani ya ndege ikakague viti. Huruka kama anavyosimulia hadithi, taratibu, bila kukutikisa. Sikuwahi kumwona akikosea, na kila siku iliyopita bila yeye kukosea nilimshukuru Mungu na kuogopa zaidi, kwa sababu kosa lilikuwa bado liko mbele.

Bwana Mutua alikuja siku ya Alhamisi. Alijikunja kwenye kile kiti kidogo cha nyuma yetu, magoti karibu na masikio, akavaa vifaa vya kusikilizia, akasema tufanye kazi yetu kama kwamba hayupo. Ni rahisi kumsahau mtu ambaye magoti yake yanakugusa kiwiko.

Siku hiyo Kapteni Habib alikuwa na jambo lake. Alasiri ile washenga walikuwa wanakuja kumposa binti yake wa kwanza, Waridi. Turubai lilikuwa limeshasimamishwa mbele ya nyumba Likoni, pilau imeshapikwa, na yeye baba alitakiwa awe ameketi pale, ameoga, na kanzu iliyopigwa pasi, kabla wageni hawajashuka kwenye feri. Baba mwenye binti akikosekana siku ya posa, alituambia, watu huanza kufikiri. Alitusimulia tukienda Lamu. Tulipokuwa Lamu, abiria wakishuka na wengine wakipanda, alimpigia simu mkewe akauliza juu ya viti. Tukirudi alitusimulia tena, safari hii na majina ya washenga na ukoo wao, na nani kati yao alikuwa mchoyo.

Yeye ndiye aliyekuwa anarusha wakati wa kurudi. Mimi nilikuwa na redio na saa.

Sasa kuna sheria moja katika kutua ambayo ningependa msomaji aishike. Ukibakiwa na futi elfu moja kufika chini, ndege iwe imeshatulia. Kasi yake, mteremko wake, magurudumu, kila kitu kiwe mahali pake. Ikiwa haijatulia hutui, hata kiwanja kiwe kirefu namna gani. Unatia nguvu injini, unapanda, unazunguka, unakuja upya. Si aibu, ni kama kukosa mlango ukaurudia. Na asiyerusha ndiye mwenye jukumu la kulisema. Atasema mara ya kwanza, atasema mara ya pili kwa uwazi zaidi, na akipuuzwa tena atashika usukani mwenyewe.

Tulikuwa tumeshaiona Mtwapa tulipoambiwa na mnara tubaki juu kwanza, kwa sababu kulikuwa na ndege kubwa ya watalii inaondoka. Tukabaki. Watalii hao walikuwa wazito kuondoka. Tulipopewa ruhusa ya kushuka tulikuwa juu sana na karibu sana, na saa ya Kapteni Habib, ile ya mkononi, ilikuwa imeshamwambia jambo lisilompendeza.

"Tutashuka tu," akasema, akaiinamisha ndege.

Ndege ikiinamishwa hukimbia. Sindano ya kasi ikapanda, paa za Mikindani zikatujia kwa haraka isiyo ya kawaida. Nyuma yangu nilihisi magoti ya Bwana Mutua yameacha kutikisika.

"Kapteni, kasi," nikasema. Kazini twasema Kiingereza, nami naweka maneno hapa kwa lugha yetu. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Naiona."

Aliiona, lakini hakuifanyia lolote. Futi elfu moja ikafika ikapita. Njia ya ndege ilikuwa mbele yetu, nyeusi na ndefu, nasi bado tukiteremka kama gari lililoachiwa mlimani. Moyo ulinipiga mpaka nikausikia kwenye vifaa vya masikio. Nilijua maneno. Nilijua yanavyopangwa. Nikayasema.

"Kapteni, hatujatulia. Tupande."

Hilo nilisema vizuri, wallahi. Nyamvula angelisikia angenipa mahamri. Kapteni Habib akatikisa kichwa bila kuniangalia.

"Kiwanja kirefu, mwanangu. Kinatutosha."

Mwanangu. Neno hilo peke yake lingenirudisha kwenye mkeka wa Nana, mikono mapajani, macho chini. Nilihisi linanivuta. Nikamwona, kwa pembe ya jicho: uso umekaza mbele, yuko hapa na hayupo, yuko Likoni chini ya turubai anahesabu viti. Macho yamefunguliwa, na mtu amelala. Na nilijua ni nani duniani aliyewahi kumwamsha.

Kiganja changu kikapiga ukuta wa ndege chini ya dirisha, pu, kwa nguvu zote nilizonazo.

"We Habib!"

"Labeka!" akasema.

"Panda juu!"

Na mikono yake ikafanya. Ikasukuma nguvu, ikainua pua, kabla mwenyewe hajajua nani amemwita wala yuko wapi. Injini zikanguruma, njia yote ya ndege ikapita chini yetu bila kuguswa. Mimi nikakunja magurudumu, nikaujulisha mnara kwamba tunazunguka, na sauti haikutetemeka. Sijui ilikuwa sauti ya nani.

Tukavuka maji, tukapinda kushoto, na tukawa juu ya Likoni. Kapteni Habib alichungulia chini upande wake. Nilijua anatafuta nini. Turubai lilikuwa la rangi ya buluu, lilionekana dhahiri, na kandokando yake watu wadogo wadogo walikuwa wamesimama wanatazama juu.

"Wameshafika," akasema kwa sauti ya chini.

Kisha akaniambia niwatoe abiria hofu. Nikawaambia tulikuwa juu kidogo tukaona tuje upya, na kwamba wakitazama kushoto wataiona feri. Tukazunguka tukaja, na futi elfu moja ilipofika nikasema ndege imetulia, naye akaitua kama anaweka yai. Nyuma baadhi ya abiria walipiga makofi.

Abiria walipokwisha kushuka, Bwana Mutua alijikunjua kwenye kiti chake kidogo.

"Kapteni, ulikuwa na kasi."

"Nilikuwa nayo."

"Na ulionywa."

"Nilionywa mara tatu," akasema Kapteni Habib. Alivua miwani akasugua macho. "Mara ya tatu nilikuwa na miaka tisa."

Bwana Mutua hakuelewa, lakini aliliacha lipite. Alimwambia mambo ambayo kapteni huambiwa na mkaguzi, nami nikashughulika na kukunja vitambaa ambavyo havikuhitaji kukunjwa, maana si vizuri kusikiliza mkubwa akisemwa. Kisha akanigeukia.

"Swabra."

"A..." Nikaimeza. "Ndiyo, bwana."

"Katika taratibu zetu, mara ya tatu unashika usukani, na kuna maneno yake."

"Nayajua, bwana."

"Hukuyasema."

"Sikuyasema."

Alitafakari. Mdomo wake ulifanya kitu ambacho kwa mtu mwingine ungekiita mwanzo wa kucheka. "Yafanyie mazoezi. Lakini leo nimekusikia. Kaunta watafute mtu mwingine."

Akashuka. Nilibaki nimekaa. Kapteni Habib naye hakuinuka, na washenga wake wote wale wakimngoja.

"Hiyo sauti," akasema kwa Kiswahili, "umeitoa wapi?"

"Nisamehe, Kapteni. Ni ya nyanya yangu. Bi Nana, alikuwa na chuo Likoni."

Akageuka polepole. "Mwalimu Nana. Yu hai?"

"Yu hai. Yuko Magogoni."

"Wallahi nilidhani amekufa, na amenifuata." Kisha akauliza kwa hofu ya kweli, "Amekwambia juu ya kofia?"

Amana ni amana. Nikatazama nje ya dirisha. Akaguna.

Posa ilikwenda salama. Hilo nililisikia baadaye, na likanifurahisha kuliko yote. Wageni waliona ndege imepita chini chini juu ya turubai, na ndugu mmoja akatamka kwamba ndiye mwenyewe baba mtu anawasalimu kutoka kazini. Mpaka Kapteni Habib anafika na kanzu yenye makunyanzi, washenga walikuwa wameshaambiana kwamba familia hii ina heshima isiyo kifani. Yule mchoyo ndiye aliyesifu zaidi.

Mimi nilifika nyumbani nikamsimulia Nana, na Nyamvula akaacha mbaazi zake akaja akasimulia tena kwa mikono, akipiga ukuta wetu pu, pu, mpaka saa ya ukutani ikaanguka. Nilitegemea Nana atafurahi. Akaweka tasbihi chini.

"Ulimwita 'we Habib'," akasema.

"Ndiyo, Nana."

"Mtu mzima. Ana mke na watoto, na leo binti yake anaposwa."

"Tulikuwa tunaanguka, Nana."

"Nimesikia. Umefanya vyema, Mungu akuzidishie. Kesho utakwenda umwombe radhi."

Sikuhitaji kwenda. Ijumaa baada ya sala alikuja mwenyewe Magogoni, na sinia la halua limefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Viti vilikuwepo, hata kile cha plastiki cha Nyamvula. Akavipita vyote akaketi mkekani, chini, akakunja miguu kwa shida na tumbo lake lile, akabusu mkono wa Nana.

"Habib," akasema Nana.

"Labeka, mwalimu."

"Umenenepa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Bado walala wakati wa kazi, naambiwa."

Kapteni Habib, mistari minne, ndege kubwa za Uarabuni, alitazama mkeka. Niliona masikio yake yamekuwa mekundu, na nikamwonea huruma mpaka nikakimbilia jikoni kutia kahawa. Niliporudi walikuwa wameshafika kwenye ukoo wa washenga, na Nana alikuwa akiwajua wote, na kuhusu yule mchoyo alithibitisha. Nyamvula alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake.

"Ndiye huyu dereva?" akaniuliza kwa sauti iliyofika mpaka msikitini.

"Ndimi," akasema Kapteni Habib.

"Muangalie huyo utingo wako. Nimemfundisha mimi."

"Amefundishika," akasema. Kisha akamgeukia Nana, akalainisha sauti. "Mwalimu, kazini nikikosea, naomba umpe ruhusa aniite vile vile."

Nana alifikiri juu ya hilo kwa muda wa fundo moja la kahawa. "Ukikosea akuite," akasema. "Usipokosea, shikamoo."

Siku iliyofuata tulikuwa na Lamu. Nilimwamkia, akanijibu, akaniuliza ya nyumbani kama kwamba hakuwako nyumbani jana, tukawasha injini. Tuliporudi ndiye aliyerusha tena. Futi elfu moja ilipofika kila kitu kilikuwa mahali pake, nami nikasema ndege imetulia.

"Alhamdulillahi," akasema, akanitupia jicho la pembeni kama mtoto wa chuo anayengoja kuambiwa atoke akacheze.